Ndama Yuko Wapi

Pale stendi ya Tarime, kati ya tangazo la mkopo wa haraka na la mganga anayetibu nguvu za kiume, palibandikwa bango la mkutano wa injili. Mhubiri alivaa suti ya bluu iliyombana, mkono mmoja juu, na chini yake maneno ya rangi ya moto yaliahidi siku saba za urejesho. Vitakavyorejeshwa viliorodheshwa: ndoa, biashara, uzazi, kesi, kazi, nyota. Hapo kwenye nyota niliguna. Nabii Yoeli, ambaye bango lilimnukuu, alipowaahidi watu wake kwamba miaka iliyoliwa na nzige itafidiwa, alikuwa ameshawaita kwanza wafunge, walie, wararue mioyo. Kwenye bango nzige walikuwapo na mavuno yalikuwapo, ila kilio kilikosa nafasi.

Sikuja mkoani Mara kupambana na mabango, ningezeekea huku. Nilikuja kwa sababu rafiki yangu mwinjilisti aliniambia kwamba nikitaka kuandika juu ya Mungu anayeinua maisha yaliyovunjika, niyaache majukwaa ya mijini, nikakae na watu wa Tarime na Serengeti waliookoka miaka thelathini iliyopita. "Aliyeokoka jana ana ushuhuda," alisema. "Aliyeokoka zamani ana hesabu."

Nilipanda mchomoko, gari dogo la abiria, Musoma asubuhi. Kiti cha nyuma tulikaa wanne, na mtoto mmoja aliyekuwa akihamishwa kutoka paja hadi paja bila yeye mwenyewe kuonekana kujali. Daraja la Kirumi linauvuka Mto Mara mahali ambapo mto umeshachoka, umetanuka ukawa bwawa la mafunjo kabla ya kujimwaga Ziwa Victoria. Ndio mto ule ule ambao watalii huulipia dola kule juu ili wawaone nyumbu wakivuka. Baada ya daraja nchi inaanza kupanda. Ukipita Utegi unaelekea kwenye hewa nyingine kabisa: migomba, kahawa, mahindi, ng'ombe wafupi kandokando ya lami, na baridi inayowafanya makondakta wavae makoti mazito kana kwamba wako Njombe.

Ilikuwa Januari 2025. Msimu wa ukeketaji ulikuwa umekwisha wiki chache nyuma, na mama aliyekaa kando yangu, aliyekuwa akirudi Sirari na furushi la vitenge, alikuwa bado na hasira nao. Alisema Desemba walipitisha mabinti barabarani mchana kweupe, miavuli juu, noti zimebanwa kwa pini kwenye kanga, vijana wenye fimbo wakiimba mbele na nyuma. Gari alilopanda siku hiyo lilisimama kuwapisha. "Tukashangilia na sisi," alisema. "Utafanyaje? Ukinuna wanakuona adui."

Msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa kidogo. Koo nyingi za Wakurya hukeketa mabinti mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na kwa kawaida katika miaka ya shufwa: 2020, 2022, 2024. Miaka ya witiri huogopwa. Wazee wa mila, wanaokaa katika baraza lao la siri linaloitwa inchama, ndio wanaofungua msimu. Binti aliyekatwa huingia katika hesabu ya wanawake, na mahari yake hupanda. Asiyekatwa huitwa omosagane, jina ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili analijua kwa uchungu wake wote. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inamfunga anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18 kwa kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano. Desturi imeshuka, lakini polepole: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ule wa 2022 ukakuta 28. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10, ikawa 8.

Lakini mtu wa kwanza niliyetumwa kwake Tarime hakuwa na habari ya mabinti. Alikuwa mwizi wa ng'ombe.

Sitalitaja jina lake, wala ukoo wake, wala ukoo wa aliyemwibia. Tarime jina la ukoo ni anwani tosha. Anakaa juu ya kilima, nyumba ya tofali za kuchoma, na boma la ng'ombe liko karibu na mlango kuliko choo. Nilipofika alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamtoa mbuzi kupe mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Hakuinuka. "Bwana Yesu asifiwe, mura," alisema. "Vuta hilo jiwe ukae."

Tarime na Rorya zina mkoa wao wa kipolisi, peke yao ndani ya Mkoa wa Mara, na ukimsikiliza mzee huyu unaelewa kwa nini. Wizi wa ng'ombe kati ya koo ni wa zamani, ila zamani waliiba kwa upinde na ujanja. Baada ya vita vya Kagera vya 1978-79 bunduki ziliingia vijijini, na soko la ng'ombe lilikuwa karibu tu, ng'ambo ya mpaka, kwenye minada ya Kenya. Michael Fleisher, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na Wakurya na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2000, alionyesha kwamba wizi huo ulikuwa umeshakuwa biashara ya fedha taslimu. Mzee hajasoma kitabu hicho. Alisema tu kwamba ng'ombe aliyeibwa jioni alikuwa Isebania, upande wa Kenya, alfajiri, na saa nne asubuhi alikuwa nyama.

Isipokuwa mmoja. Mwaka 1986, usiku wa mvua, waliingia boma la ukoo wa pili wakatoka na ng'ombe tisa. Wanane walikwenda mpakani. Wa tisa alikuwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mwenye mimba, na mzee, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu, alimpenda. Alimficha kwa mjomba wake mpaka akazaa. Mtu mmoja alipigwa mkuki usiku ule. Hakufa, ila mkono wake wa kushoto haukufanya kazi tena.

Aliokoka mwaka 1994 katika kikundi cha walokole. Historia ya vikundi vya namna hiyo hapa Mara ni ndefu. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani, akiwamo Elam Stauffer, walifungua kituo Shirati, kando ya ziwa, katika eneo ambalo sasa ni Rorya. Mwaka 1942 ule uamsho uliokuwa umeanzia Rwanda na Uganda ulifika Shirati. Watu walilia, wakaungama mbele ya wenzao, wazungu na Waafrika pamoja, jambo ambalo kwa zama zile lilikuwa tetemeko. Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo, alikuwa kijana wa uamsho ule. Popote walokole walipokuwa, Kigezi au Bukoba au Shirati, walikuwa na tabia moja iliyowaudhi majirani na kuwachekesha maofisa wa serikali: walirudisha vitu. Mtu angetokea mlangoni na jembe aliloiba miaka sita nyuma. Karani angepeleka senti alizozidisha kwenye hesabu. Walikuwa wamemsoma Zakayo, nao wakamchukulia kama alivyo.

Ndugu wa kikundi chake walimsikiliza mzee akiungama, wakafurahi naye, wakaimba. Wiki iliyofuata wakamuuliza: ng'ombe?

"Nikasema damu ya Yesu imenitakasa. Wakasema ndiyo, imekutakasa. Na ng'ombe?"

Alimchukua mtamba mmoja mzuri, akafuatana na mchungaji na wazee wawili wa kanisa mchana, kwa njia kubwa, ili asidhaniwe amekuja kuiba tena. Alitegemea mambo mawili: ama atapigwa, ama atakumbatiwa. Hakuna lililotokea. Mwenye ng'ombe, yule mwenye mkono uliokufa, alimtazama mtamba mdomoni, akampapasa mgongo, akauliza: "Huyu ni mmoja. Wangu alikuwa na mimba. Ndama yuko wapi?"

Wakaanza kuhesabu. Mzee alinionyesha jinsi walivyofanya, akipanga kupe waliokufa kwenye ukingo wa kopo. Ndama yule, kama alikuwa jike, angekuwa na ndama wake kufikia 1990. Mama yake angezaa tena. Waliozaliwa wangezaa. Mchungaji akajaribu kusema kwamba wengine wangekufa kwa ndigana. Mwenye ng'ombe akakubali, akatoa wawili kwa ajili ya ndigana. Hesabu ilianza asubuhi ikaisha alasiri, ikafika ng'ombe kumi na mmoja bila maziwa. Maziwa walisamehe. Wazee wakaomba, wakabembeleza, ikawa sita. Mzee wakati huo alikuwa na ng'ombe watatu.

"Nilipofika nyumbani mke wangu alikaa chini kabisa," alisema. "Akasema, Yesu amekuokoa wewe, mimi amenipokonya maziwa."

Mkewe alikuwa akipepeta mtama kwenye ungo hatua chache kutoka pale tulipokaa, na hakukanusha. "Nilisema," alijibu bila kugeuka. "Na nilisema mengine ambayo hajakuambia."

Alilipa kwa miaka mitano. Alilima tumbaku, akavunja mawe, akaacha kwenda kanisani kwa miezi kadhaa kwa hasira, akarudi. Nilimuuliza kama yule mtu alimsamehe. Alifikiri. Alisema hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na mpaka anakufa hakukanyaga kanisa. Lakini mwaka mmoja baada ya ng'ombe wa mwisho, alikuja mwenyewe, kwa miguu, kuomba dume la kupandishia.

"Nikamwambia chukua dume, mura, kaa nalo mwezi. Akakaa nalo miezi mitatu."

Nimekwisha sikiliza shuhuda nyingi katika maisha yangu ya kanisa, na sehemu kubwa huishia pale mtu anapopiga magoti. Ya mzee huyu ilianzia hapo. Naandika hili nikijua wapo watakaosema nimefuta neema na kuweka deni badala yake. Mzee mwenyewe hana tatizo hilo. Anasema asingeokoka asingekuwa na ujasiri wa kuivuka ile njia kubwa mchana, na kwamba kwake neema ndiyo ile miguu iliyomfikisha kwa mwenye mali. Aliyemfikisha akamwacha ahesabiwe.

Kutoka Tarime kwenda Mugumu ni kilomita 87 hivi kupitia Nyamwaga na Nyamongo. Nyamongo sina mengi ya kusema, na hapahitaji mgeni wa siku moja. Unaona kilima kikubwa kisichokuwa na mti hata mmoja, unadhani ni mlima wa Mungu, kumbe ni mawe yaliyotolewa kwenye mashimo ya mgodi wa North Mara tangu uanze uzalishaji mwaka 2002. Chini yake kuna maduka ya simu, baa, makanisa ya mabati na vijana wanaotembea na nyundo. Kijana aliyeketi mbele yangu kwenye Hiace alikuwa na kovu refu shingoni na Biblia ndogo ya Gideoni mfuko wa shati. Nilitamani kumuuliza, akawa amelala. Mto Mara ukavukwa tena, safari hii ukiwa mwembamba na wenye rangi ya chai ya maziwa, na tukaingia Serengeti: nchi inashuka, inafunguka, miti ya migunga inaanza, na hewa inakuwa kavu.

Mugumu ni makao makuu ya wilaya ya Serengeti, mji wa vumbi na pikipiki, wenye magari ya watalii yanayopita bila kusimama. Hapa, mwaka 2014, Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama kwa ajili ya mabinti wanaokimbia kisu. Tarime Wakatoliki walikuwa wameshatangulia: kituo cha Masanga, kilichoanza kazi mwaka 2008, hupokea mabinti wakati wa msimu, huwafundisha na kuwafanyia mahafali yao, ili nao wavuke utoto bila damu. Aliyeisimamia nyumba ya Mugumu ni Rhobi Samwelly, ambaye ameeleza hadharani, mara nyingi, jinsi alivyokeketwa akiwa na miaka kumi na mitatu na kuvuja damu karibu kufa. Mwaka 2017 alianzisha shirika lake, Hope for Girls and Women in Tanzania, lenye nyumba Mugumu na Kiabakari wilayani Butiama, na mwaka 2018 ikatoka filamu ya Giselle Portenier, In the Name of Your Daughter, iliyoionyesha kazi hiyo duniani. Jambo moja lililonishangaza ni ramani. Vijiji vingi vya huku havikuwa kwenye ramani yoyote, na polisi wakipigiwa simu usiku hawakujua pa kwenda. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map, walioko kila pembe ya dunia, wamekuwa wakichora barabara na nyumba za vijiji hivi wakitazama picha za setilaiti.

Nyumba niliyoingia mimi sitaitaja, wala sikupiga picha. Mama mlezi aliniweka kwenye chumba cha cherehani, ambako mabinti sita walikuwa wakishona sare za shule. Shule zilikuwa zinafunguliwa na sare ndiyo ilikuwa habari ya mji. Mmoja alikuwa akishona lisani ya sketi, anakosea, anafumua kwa wembe, anarudia, huku mwenzake akimkejeli kwa Kikurya. Sikuwauliza chochote. Walishaulizwa sana.

Mama mlezi mwenyewe alikatwa miaka ya themanini. Alizungumza huku akigawa vifungo kutoka kwenye mfuko wa sukari. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa siku mbili na mtoto hakuishi. Nilimuuliza swali ambalo nililibeba tangu Tarime: mtu anayesema Mungu hurejesha anasemaje kwa aliyepoteza kitu kisichoota tena?

"Nilikuwa naomba sana kirudi," alisema. "Usicheke, niliomba kweli, kwa kufunga. Kuna mtumishi alinitabiria. Baadaye nikaacha. Siku hizi naomba mafuta ya gari."

Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu, kwamba mume wake wa sasa ni mtu mwema na kwamba analala usingizi, na kwamba kwa miaka kumi na miwili alikuwa halali.

Mchana huo palikuwa na kikao cha upatanisho. Msimu ukiisha ndipo kazi ngumu inapoanza: binti anatakiwa arudi nyumbani, na nyumbani ndiko alikokimbia. Kwa hiyo mzazi huitwa. Wanakaa mezani afisa ustawi wa jamii, polisi wa dawati la jinsia na watoto, mtu wa nyumba salama na mara nyingi mchungaji. Mzazi akikubali anatia sahihi hati ya ahadi kwamba hatamkeketa binti wala kumwoza. Akikataa, binti anabaki. Niliruhusiwa kukaa kwenye kona kwa sharti la kunyamaza.

Baba alikuwa mtu mwembamba, kofia ya pama magotini. Alikuwa na aibu zaidi kuliko hasira. Alieleza kwamba si yeye, ni wazee. Kwamba wangempiga faini. Kwamba mama yake mzazi alikuwa ameacha kula chakula cha mkewe kwa sababu ya binti huyu. Mchungaji hakumhubiria hata kidogo. Alimuuliza kama amekula, akaletewa uji. Baada ya uji likatoka lenyewe: alikuwa ameshapokea ng'ombe wawili wa posa.

Askari akaweka kalamu chini. Binti alikuwa darasa la saba. Tangu sheria ya elimu iliporekebishwa mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini, na anayesaidia naye ana kesi. Alimweleza hayo polepole, na kofia ikaanza kuzungushwa.

"Nitawarudisha," baba akasema. "Ila mmoja amezaa."

Chumba kizima kikaingia kwenye mjadala wa ndama. Afisa ustawi alisema ndama ni wa mwenye ng'ombe. Baba alisema yeye ndiye aliyemchunga na kumtibu. Askari, Mkurya kutoka Tarime, alijisahau kabisa akaanza kuuliza alipandwa na dume la nani. Binti, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mrudishe na ndama. Asibaki hata kwato, wasije wakasema wananidai."

Baba alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza mwaka huo. Akatia dole gumba. Kisha binti akatoa masharti yake mwenyewe: arudi shule Jumatatu, na bibi asihusike kumfuata njiani. La kwanza likaandikwa. La pili walilijadili kwa muda, maana bibi si mtu wa kuandikwa kwenye karatasi.

Jumapili nilisali katika kanisa la mabati nje kidogo ya mji. Mchungaji, mama wa makamo, alihubiri kutoka Marko sura ya tano, habari ya Yairo. Nimeisikia tangu Shule ya Jumapili, lakini sikuwahi kuisikia mahali ambapo kila neno lake ni la jirani: binti wa miaka kumi na miwili, na katikati yake mwanamke anayetokwa damu. Hakukazia miujiza. Alikaa sana juu ya Yairo, mwanamume mwenye cheo katika sinagogi, aliyetoka nje mbele za watu kumlilia mtoto wa kike. Aliwauliza wanaume waliokaa upande wa kulia nani kati yao alishatoka nje namna hiyo. Kisha akaingia mwishoni, pale Bwana alipowaambia wazazi wampe binti chakula. "Amefufuka," alisema, "na bado ana njaa. Nani anapika?" Wakacheka, halafu sadaka ya siku hiyo ikatangazwa kuwa ni ya unga wa nyumba salama. Mhubiri wa mjini angehitaji nusu saa zaidi na kinanda.

Baada ya ibada nilitambulishwa kwa bibi mmoja, ngariba wa zamani. Alisalimisha kisu chake mbele ya kanisa miaka kadhaa iliyopita na sasa anauza dagaa sokoni. Aliongea bila kupamba: alikuwa akilipwa kwa kichwa, wazee wakichukua fungu lao, na Desemba moja ilimtosha kula mpaka mavuno. Dagaa hawamtoshi. Siku aliyosalimisha kisu watu walipiga makofi na vigelegele, picha zikapigwa.

Makofi hayo yalinikaa vibaya, na nilimwambia mchungaji hivyo. Katika benchi zile zile wapo wanawake aliowakata. Mmoja wao alikuwa amesimama karibu nasi na akajibu kabla ya mchungaji. Alisema amemsamehe bibi, tena kweli, lakini hakai naye benchi moja, na siku bibi alipoomba kuingia kwaya ya akina mama yeye ndiye aliyekataa. Mchungaji alitikisa kichwa kukubali. Kwaya haijamchukua bibi. Badala yake kanisa limempa kazi: msimu unapokaribia anazunguka na mwinjilisti kwa mangariba aliowafundisha yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Wengine wanamfukuza. Wawili, alisema bibi, wamemsikiliza.

Jumatatu nilipita nyumba salama kuaga. Mama mlezi alikuwa akijaza daftari kubwa la kaunta, mistari imepigwa kwa rula: jina, kijiji, tarehe ya kuingia, amerudi au amebaki, na safu pana iliyoandikwa ufuatiliaji. Yule binti wa darasa la saba alikuwa ameshaondoka na baba yake kwa pikipiki, sare mpya ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Ng'ombe walikuwa wamerudishwa Jumamosi, ndama pia. Mwenye posa alikuwa analalamika kwamba ng'ombe wamekonda na anataka nyongeza, na mtendaji wa kijiji ameombwa akakae nao.

Kwenye safu ya ufuatiliaji mama aliandika Machi, Juni, Septemba, akaruka mistari michache, akaandika 2026. Mwaka huu ni wa witiri, alisema, wazee hawatakaa. Wataanza kukaa mwakani katikati, na kabla hawajakaa yeye anataka awe ameshafika mara nne kwa bibi yake yule binti, na kilo ya sukari kila mara. Akaniuliza kama gari nitakalopanda linapita Bunda, kwa sababu alikuwa na zipu za kuagiza.